Riba walishakula, sasa hasara wanamwachia nani?

Novemba 2020 Zambia ilishindwa kulipa riba ya dola milioni 42.5 kwenye moja ya hatifungani zake za nje, yaani karatasi za deni ilizowauzia wawekezaji wa ng'ambo, na siku zile ukisoma habari za uchumi lawama zote zilikuwa zinaelekea Lusaka, serikali imekopa ovyo, imefuja, haina nidhamu ya matumizi. Mengi ya hayo ni kweli na sijaja kuitetea serikali ya wakati ule. Ila kuna swali lilipita hivihivi bila mtu kulikalia: hivi waliokopesha nao walikuwa wapi? Maana mkopo una watu wawili, na huyu wa pili ndiye mwenye wachambuzi, wanasheria, kompyuta na miaka mingi ya uzoefu wa kazi hiyo.

Tuangalie hesabu kidogo. Julai 2015 Zambia ilienda sokoni kwa mara ya tatu ndani ya miaka mitatu ikakopa dola bilioni 1.25 kwa riba ya asilimia 8.97 kwa mwaka. Kipindi hichohicho serikali ya Marekani ilikuwa inakopa kwa miaka kumi kwa asilimia 2.3 hivi. Sasa ile tofauti ya zaidi ya asilimia 6 ni ya nini? Ni malipo ya riski. Mkopeshaji anakwambia najua bei ya shaba ikianguka utayumba, inawezekana ukashindwa kunilipa, kwa hiyo nilipe zaidi kila mwaka kwa sababu nimekubali kuishi na huo uwezekano. Hakuna ubaya, ni haki yake. Kuanzia Januari 2016 mpaka Julai 2020 hatifungani ile ililipa kuponi kumi, yaani riba ya kila miezi sita, ukijumlisha ni karibu senti 45 kwa kila dola iliyokopeshwa, yaani aliyeinunua siku ya kwanza akaishikilia alikuwa ameshapokea karibu nusu ya hela yake kwa riba tu kabla nchi haijakwama. Halafu lile jambo alilolipwa miaka yote ile ili alibebe limetokea, na siku hiyohiyo wenye hatifungani wanapiga kura kukataa hata ombi la kusogeza malipo miezi sita. Wenyewe walikuwa na sababu yao, kwamba hawataki nafuu watakayotoa wao iende kulipa wakopeshaji wa China ambao mikataba yao haionekani, na sababu hiyo siipuuzi, nitaifikia. Lakini msingi unabaki palepale. Ukilipwa kubeba hatari basi ibebe, huwezi kuchukua ujira wa mlinzi halafu siku mwizi anakuja unasema hiyo siyo kazi yangu.

Sasa wachumi wana hoja yao wanayoipenda sana kwenye mambo ya madeni, kwamba mtu akijua hasara yake italipwa na mwingine atapunguza umakini. Hoja ni nzuri na ni ya kweli. Shida ni kwamba kwa miaka mingi imeelekezwa upande mmoja, kwa mkopaji. Usimsamehe atazoea, ukimpunguzia leo kesho atakopa tena, na kwetu tuna msemo tayari unaowasaidia, dawa ya deni kulipa. Hivi kweli kuna nchi inayoingia kwenye kushindwa kulipa kwa raha zake kwa sababu inajua itapunguziwa? Ugiriki ilipoteza takriban robo ya uchumi wake wote, mwaka 2013 ukosefu wa ajira ulipita asilimia 27, pensheni zikakatwa tena na tena. Mexico mwaka 1995 uchumi ulishuka zaidi ya asilimia 6 ndani ya mwaka mmoja. Hakuna waziri wa fedha anayetamani hayo, na wengi wanaondolewa madarakani mapema tu. Upande wa mkopaji adhabu ipo na ni nzito, tatizo lake ni kwamba inampiga asiyesaini mkataba, na wahenga walishasema kukopa harusi kulipa matanga, ila hapa anayecheza harusi ni mmoja na anayekaa matanga ni mwingine kabisa.

Upande wa mkopeshaji ndiko uzembe wenye bima ulikojificha, na historia yake ndefu.

Miaka ya 1970 baada ya bei ya mafuta kupanda mwaka 1973, nchi zenye mafuta ziliweka dola zao kwenye mabenki makubwa ya Marekani na Ulaya, na mabenki yakawa yanatafuta pa kuzipeleka. Yakazipeleka Amerika ya Kusini kwa kasi, mikopo ya riba inayopanda na kushuka na soko, na bosi wa Citibank enzi hizo, Walter Wriston, akajulikana kwa msimamo wake kwamba nchi haifilisiki. Kisha benki kuu ya Marekani chini ya Paul Volcker ikapandisha riba mpaka karibu asilimia 20 ili kuua mfumuko wa bei nyumbani kwao, na Agosti 1982 Mexico ikatangaza haiwezi kuendelea kulipa. Wakati huo mikopo ya mabenki tisa makubwa ya Marekani kwenye ukanda ule ilikuwa imezidi mtaji wao wote, kwa hiyo yangekiri hasara siku ile yangekuwa yamekufa. Kilichofanyika ni kununua muda. IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa, inaingiza hela, nchi inabana matumizi, benki inakopesha kidogo ili ilipwe riba yake yenyewe, na vitabu vya benki vinaendelea kuonyesha kwamba mkopo ni mzima. Citicorp ilitenga akiba ya dola bilioni 3 kwa ajili ya mikopo mibovu mwaka 1987, na mpango wa Brady wa kupunguza madeni yenyewe ukatangazwa 1989. Miaka saba. Mabenki yalitumia miaka hiyo kujaza mtaji, na nchi zikapoteza muongo mzima wa maendeleo, shule, hospitali, ajira, kila kitu kikarudi nyuma ili mabenki ya watu yapate kupumua.

Mexico tena, 1994 mwishoni. Serikali ilikuwa na hati za muda mfupi zinaitwa tesobono, zinalipwa kwa peso lakini thamani yake imefungwa kwenye dola, na zilikuwa zimefika karibu dola bilioni 29 wakati akiba ya fedha za kigeni inaisha. Marekani na IMF na wengine wakaandaa mkopo wa karibu dola bilioni 50, na walioshika tesobono walilipwa kila senti. Watetezi wa mpango ule wanasema, na ni kweli, kwamba hakuna mlipakodi wa Marekani aliyepoteza, Mexico ilirudisha mkopo mapema tena na faida juu. Nimesikia hoja hii mara nyingi, IMF huwa inalipwa kwa hiyo hakuna ruzuku, na kila nikiisikia najiuliza mbona hamalizii sentensi. Kama mkopeshaji amelipwa chote, na IMF nayo imelipwa chote, basi aliyelipa ni Mmexico. Hela ya uokoaji ilipita tu ikaenda kwa mwekezaji na bili ikabaki kwa mwananchi, kwa hiyo ruzuku ipo, ila imetoka kwenye mfuko wa aliyeanguka kwenda kwa aliyekuwa analipwa kwa ajili ya hatari ya kuanguka huko.

Na wawekezaji walijifunza. 1997 mgogoro ukaanzia Thailand mwezi Julai, Desemba ukafika Korea ya Kusini ambako mabenki ya nje yalikuwa yameyakopesha mabenki ya Korea mikopo ya muda mfupi sana. Kumbuka hii ilikuwa mikopo ya benki binafsi kwa benki, serikali haikukopa. IMF na wenzake wakatangaza kifurushi cha kama dola bilioni 57 na hela zikawa zinaingia huku zinatoka, mpaka Krismasi ilipokaribia ndipo mabenki makuu na hazina za nchi tajiri zikayapigia simu mabenki yao yakakubali kutoondoa hela. Ilifanya kazi. Ila angalia walichopewa mwezi uliofuata, zaidi ya dola bilioni 20 za mikopo ile zikageuzwa kuwa mikopo mipya yenye dhamana ya serikali ya Korea na riba nzuri juu yake. Umekopesha benki binafsi kwa uamuzi wako, ukakosea, ukaondoka na dhamana ya taifa zima! Halafu mwaka uliofuata tunashangaa kwamba watu walikuwa wananunua hati za muda mfupi za Urusi zinazolipa zaidi ya asilimia 40 kwa mwaka na kusema bila kificho kwamba nchi yenye silaha za nyuklia haitaachwa ianguke. Agosti 1998 iliachwa. Hasara ilikuwa kubwa na kwa miezi kadhaa wakopeshaji wakawa makini kila mahali, jambo ambalo linathibitisha kwamba wanaweza kuwa makini wakitaka.

Ugiriki nitakaa kidogo kwa sababu pale mambo yalifanyika hadharani. IMF ilikuwa na kanuni iliyojiwekea 2002 baada ya Argentina kushindwa kulipa, kwamba haitoi mikopo mikubwa kupita kiasi kwa nchi ambayo hakuna uhakika mkubwa kama deni lake linalipika, deni lipunguzwe kwanza. Mei 2010 wataalamu wa IMF hawakuwa na uhakika huo kwa Ugiriki. Basi kwenye kikao kilekile cha kupitisha mkopo wakaongeza kipengele, kwamba kama kuna hatari ya mgogoro kusambaa kimataifa kanuni haitumiki. Mjumbe wa Brazil kwenye bodi alionya kwamba mpango huu unaweza kuonekana ni uokoaji wa wakopeshaji binafsi, hasa taasisi za fedha za Ulaya, kuliko uokoaji wa Ugiriki. Hakusikilizwa, zikatoka euro bilioni 110 kwa pamoja na Ulaya. Miaka miwili ikapita. Hatifungani zilizoiva zikalipwa kamili, mabenki ya Ufaransa na Ujerumani yakapunguza mzigo, na Machi 2012 ndipo wenye hatifungani waliobaki wakakatwa asilimia 53.5 ya deni walilokuwa wanadai. Na nani alibaki? Wengi wao mabenki ya Ugiriki yenyewe, mifuko ya pensheni ya Ugiriki, na mabenki ya Cyprus ambayo hasara ile iliyasukuma kwenye mgogoro wao wa 2013. IMF yenyewe kwenye tathmini yake ya 2013 ilikubali kwamba kuchelewa kulipanga upya deni kuliwapa wakopeshaji binafsi nafasi ya kutoka na deni likahamia mikononi mwa serikali. Kile kipengele kilifutwa Januari 2016, miaka karibu sita baadaye.

Kwa hiyo mimi simlaumu mkopeshaji kwa kukopesha nchi maskini, tafadhali nieleweke. Nchi zinahitaji mikopo na riski ni sehemu ya biashara. Ninacholaumu ni kukopesha bila kuuliza maswali ambayo hata mtoto angeuliza, na hapa hakuna mfano unaouma kama Msumbiji.

Kati ya 2013 na 2014 kampuni tatu za serikali ya Msumbiji, Ematum, ProIndicus na MAM, zilikopeshwa kama dola bilioni 2 na Credit Suisse na benki ya Urusi ya VTB. Ematum ilisemwa ni ya kuvua jodari, nyingine ulinzi wa pwani na karakana ya meli, na boti zote na vifaa vikatoka kwa kampuni moja inaitwa Privinvest. Dhamana ya serikali ilisainiwa na waziri wa fedha Manuel Chang bila bunge kuidhinisha, kinyume cha ukomo uliokuwa kwenye sheria ya bajeti, na mikopo miwili kati ya hiyo mitatu ikafichwa mpaka IMF haikuijua. Jiulize uko kwenye ofisi ya benki London, mezani una ombi la kampuni mpya kabisa, haina historia ya biashara, inataka mamia ya mamilioni ya dola kwa ajili ya boti za samaki, mdhamini ni moja ya nchi maskini kuliko zote duniani. Huulizi samaki wangapi watavuliwa ili kulipa hii? Huombi kuona azimio la bunge? Ni simu moja tu Maputo. Lakini anayeuliza anachelewesha dili, na dili ndiyo yenye komisheni, na bonasi inalipwa mwaka huu wakati mkopo utaharibika mwaka wa nne au wa tano mtu ameshahama benki. Baadaye ilikuja kujulikana kwamba haukuwa uzembe tu, mabosi watatu wa zamani wa Credit Suisse walikiri makosa mahakamani Marekani, mmoja wao Andrew Pearse akakubali kwamba alipokea mamilioni ya dola kutoka upande wa Privinvest.

Aprili 2016 siri ilitoka. IMF na wafadhili wakasimamisha misaada, sarafu ya metikali ikaporomoka, bei zikapanda, bajeti ikakatwa. Ukaguzi wa kampuni ya Kroll wa 2017 ulishindwa kuona zilikoenda dola milioni 500. Wananchi wa Msumbiji wakawa wanalipia boti zilizofungwa bandarini. Credit Suisse mwaka 2021 ililipa faini za kama dola milioni 475 kwa mamlaka za Marekani na Uingereza na kufuta dola milioni 200 za deni la Msumbiji, na Chang akahukumiwa Brooklyn kifungo cha miaka 8 na nusu Januari 2025. Haki fulani imetendeka. Lakini sikiliza sehemu hii: Juni 2019 Baraza la Katiba la Msumbiji lilitamka kwamba mkopo wa Ematum na dhamana yake ni batili, na Oktoba mwaka huohuo serikali ikakamilisha kuubadilisha uwe hatifungani mpya ya dola milioni 900 ya kulipwa mpaka 2031, kwa sababu bila hivyo soko lingewafungia mlango. Kwa sheria ya nchi deni halipo, kwa sheria ya soko lipo. Walionunua hatifungani zile hawakuhonga mtu, wengi walizinunua sokoni kwa nia njema, hilo nalijua. Ila nao walinunua karatasi ya kampuni ya samaki isiyo na bajeti inayoeleweka kwa sababu tu ilikuwa na muhuri wa serikali, na muhuri ule ndio uliokuwa bima yao.

Tabia ya kutouliza haikuanza juzi. Mwaka 1822 pale London mwanajeshi wa Scotland anaitwa Gregor MacGregor aliuza hatifungani za pauni laki mbili za nchi ya Poyais, Amerika ya Kati, kwa riba ya asilimia 6, ileile iliyotolewa mwaka huo na Colombia, Chile na Peru. Poyais haikuwepo. Na walowezi waliopanda meli kwenda huko wengi wao walikufa. Soko liliipa nchi isiyokuwepo bei moja na nchi zilizokuwepo, kwa sababu kila mtu alikuwa anaangalia riba.

Halafu kuna wale wanaokuja mwishoni. 1979 Romania iliikopesha Zambia inunue matrekta na vifaa vya kilimo. Deni likakwama, na 1999 mfuko unaitwa Donegal International ukalinunua kwa kama dola milioni 3.3, ukaishtaki Zambia London ukidai milioni 55, na mwaka 2007 jaji huku akilalamikia mwenendo wao akalazimika kuwapa kama milioni 15. Hii ilikuwa hela iliyotokana na misamaha ya madeni, wengine wamesamehe ili watoto wasome na mmoja anakuja kuikomba. Argentina nayo iligombana na NML Capital, mfuko uliokataa kupunguza deni lake, zaidi ya miaka kumi, mpaka meli ya mafunzo ya jeshi la majini la Argentina ikazuiwa bandari ya Tema, Ghana, Oktoba 2012, na 2016 NML ikaondoka na zaidi ya dola bilioni 2. Watu wanaiita mifuko ya tai na hasira inaeleweka, ila kwangu tatizo siyo tai, tatizo ni sheria inayosema aliyekataa kukaa mezani anapata kuliko aliyekubali. Sheria ikiwa hivyo kila mkopeshaji mwenye akili atajaribu kuwa wa mwisho kukubali.

Nilisema nitaifikia China. Mabenki ya serikali ya China yamekopesha mno, mikataba yao mingi ina vipengele vya usiri, na kwa kawaida yanapenda kusogeza muda kuliko kukata deni lenyewe. Huo nao ni ukopeshaji usiowajibika, na mkopo wa siri ni mbaya zaidi kwa sababu unamdanganya hata mkopeshaji mwingine. Kampuni za biashara ya mafuta pia zimo. Glencore iliikopesha Chad zaidi ya dola bilioni 1 kwa dhamana ya mafuta muda mfupi kabla bei haijaanguka, na Chad ilipoomba nafuu chini ya utaratibu wa G20, kundi la nchi zenye uchumi mkubwa, ilisubiri mpaka Novemba 2022, huku Glencore ikiwa ndiyo kikwazo kikubwa. Zambia ilikwama Novemba 2020 na mpango na wenye hatifungani ukakamilika Juni 2024. Miaka mitatu na nusu nchi imesimama mlangoni, kila mkopeshaji anamwangalia mwenzake atatoa nini. Hapo wote wana kesi ya kujibu, wa Beijing na wa London na wa New York.

Najua jibu litakalokuja, ukiwabana wakopeshaji hawatakopesha tena na maskini ndiye ataumia. Nimelifikiria sana hili. Kwanza kuna mikopo ambayo ingekuwa heri isingetolewa, ile ya Msumbiji ni mmojawapo, na kama hofu ya hasara ingeizuia basi hofu hiyo ingekuwa imewaokoa mamilioni ya watu. Pili soko lina kumbukumbu fupi kuliko linavyotutisha. Argentina ilishindwa kulipa 2001 deni linalokaribia dola bilioni 100, ikawakata wakopeshaji vibaya, ikashtakiwa duniani kote, na Juni 2017 watu walewale wakanunua hatifungani yake ya miaka 100. Miaka mia! Nchi yenye historia ile, kwa riba ya karibu asilimia 8, dola bilioni 2.75. Mwaka 2020 hatifungani hiyo ilikuwa kwenye kikapu cha kupangwa upya. Mtu aliyeinunua akilalamika kwamba hakuonywa mimi sina la kumsaidia.

Wengine watasema nyuma ya mifuko hiyo kuna pensheni za walimu na wauguzi wa nchi tajiri. Ni kweli pia, na ndiyo maana meneja wa mfuko analipwa ada ya kuchagua wapi pa kuweka hela zao. Na pensheni ziko pande zote. Ghana ilipokwama Desemba 2022 ilianza na wakopeshaji wa ndani, na mapema 2023 wastaafu wakakaa nje ya wizara ya fedha Accra, hata jaji mkuu mstaafu Sophia Akuffo akiwa nao, wakidai akiba zao zisiguswe, na baadaye wakaondolewa kwenye mpango. Wenye hatifungani za nje walikamilisha dili lao Oktoba 2024. Kwa nini mzee wa Accra awe wa kwanza kuguswa na meneja wa mfuko wa ng'ambo wa mwisho? Sijapata jibu la kuridhisha zaidi ya kwamba mzee hana mwanasheria New York.

Inawezekana mkopeshaji kukubali kosa lake? Imewahi kutokea. Oktoba 2006 Norway ilifuta madeni ya kama dola milioni 80 ya nchi tano, Ecuador, Misri, Jamaica, Peru na Sierra Leone, na ikasema wazi sababu. Kati ya 1976 na 1980 Norway ilikuwa inauza meli nje kwa mkopo ili viwanda vyake vya meli visife, tathmini ya mahitaji ya wanunuzi ikawa hafifu, na serikali ikakubali kwamba kama mkopeshaji inashiriki lawama. Haikusema ni msaada, na haikuhesabu ile hela kama msaada wa maendeleo kwenye bajeti yake. Kiasi ni kidogo ukilinganisha na madeni ya dunia. Lakini ile kauli ilikuwa kubwa na inasikitisha kwamba wakopeshaji wakubwa hawakuifuata.

Mwaka 2001 Anne Krueger wa IMF alipendekeza utaratibu wa kisheria wa kimataifa wa nchi zinazoshindwa kulipa, kitu kama mahakama ya ufilisi. Ukafa 2003, Marekani haikuutaka na hata baadhi ya nchi zinazokopa ziliogopa riba zitapanda. Septemba 2015 Umoja wa Mataifa ukapitisha kanuni tisa za kupanga upya madeni ya nchi, kura 136 zikaunga mkono, sita zikapinga, na kati ya hizo sita zilikuwemo Marekani na Uingereza, yaani nchi mbili ambazo sheria zake ndizo zinatawala karibu hatifungani zote za kimataifa za nchi zinazoendelea. Kura zetu nyingi, mikataba yao.

Kwa hiyo kazi iko kwenye hizo sheria mbili zaidi ya kwenye mikutano. Uingereza ilipitisha sheria 2010 inayomzuia mkopeshaji kudai zaidi ya kile wengine walichokubali, ila inahusu madeni ya zamani ya nchi zilizokuwa kwenye mpango wa msamaha, hatifungani za juzi za Zambia na Ghana hazimo. Ubelgiji ilikwenda mbali zaidi mwaka 2015, mfuko ulionunua deni kwa bei ya kutupa hauwezi kudai zaidi ya bei iliyonunulia, NML wakaenda mahakamani kuipinga na 2018 wakashindwa. New York, jimbo ambalo sheria yake ndiyo inayotumika upande wa Marekani, miswada ya namna hii ililetwa kwenye bunge la jimbo 2023 na 2024 ikaishia njiani, wawekezaji wakipiga kelele.

Wakati tunaisubiri New York, bunge la nchi inayokopa lina nguvu ambayo mara nyingi haitumii. Linaweza kuweka kwenye sheria kwamba mkopo ambao haukupita bungeni na haukuchapishwa wazi hauna dhamana ya taifa, na sharti hilo liandikwe ndani ya kila mkataba na kila waraka wa hatifungani, kwa maandishi ambayo jaji wa London atayasoma siku ya kesi. Msumbiji ilikuwa na ukomo kwenye bajeti yake, lakini haukuwa ndani ya mikataba ile, na mabenki yakajifanya hayaujui. Mkopeshaji aliyesaini karatasi inayosema nionyeshe azimio la bunge, na hakuliomba, hawezi tena kuja kusema alikuwa na nia njema.